Katuni si Kazi Bure: Jibu kwa Wanaoidharau Bunilizi ya Kisayansi ya Kiswahili

Miongoni mwetu sisi tunaosoma Kiswahili, na miongoni mwa baadhi ya wanaotufundisha, kuna imani mbili ambazo hakuna anayejisumbua kuzithibitisha. Ya kwanza ni kwamba katuni ni mchezo wa watoto. Ya pili ni kwamba bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi za roboti, vyombo vya angani na miaka ijayo, ni mali ya Wazungu, na Mwafrika anayeitunga anaiga tu. Anayechora katuni ya kisayansi kwa Kiswahili hupigwa na imani zote mbili kwa fimbo moja. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nimechora kwa miaka mitano, hapa hapa Bujumbura, na ninaandika insha hii si kwa kuomba huruma bali kwa kubisha. Ninadai kwamba imani hizo mbili ni za uongo, kwamba zinakidhuru Kiswahili, na kwamba zinakidhuru zaidi katika nchi yetu kuliko kwingine.

Kwanza nieleze ninachokitetea, ili msomaji asidhani ninatetea kitu cha kufikirika. Hadithi yangu inatokea Bujumbura mwaka 2124. Ziwa limepanda na kumeza mji wa chini. Watu wamehamia milimani. Chini mjini imebaki roboti moja iliyotengenezwa kuvuta maji mitaroni, nayo inaendelea kuvuta maji ingawa mitaro yenyewe iko chini ya ziwa. Msichana mmoja huteremka kwa mtumbwi kutafuta nyaya za shaba za kuuza, na siku moja wanakutana. Basi. Hakuna vita vya nyota wala mfalme wa galaksi. Nimeichora hadithi hiyo kwa kalamu ya wino kwenye daftari la miraba, nikaipiga picha kwa simu karibu na dirisha mchana, kisha usiku, umeme ukiwepo, nikaisafisha na kuiandikia maneno kwa programu ya bure ya simu, kwa ncha ya kidole. Sasa imefika sehemu ya 58. Kila sehemu ina fremu nane hadi kumi na mbili, na huwafikia wasomaji mia sita hivi kwa njia ya simu zao. Sijalipwa hata faranga moja.

Nilipoomba kuandika utafiti wangu wa mwisho wa masomo juu ya katuni za Kiswahili, mwalimu mmoja ambaye sitamtaja aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, hilo si fasihi. Rudi na riwaya." Namheshimu, lakini jibu lake halina msingi. Sote tulifundishwa mwaka wa kwanza kwamba fasihi ni sanaa inayotumia lugha kuwasilisha maisha ya binadamu. Tamthilia ina maneno na mwili wa mwigizaji, na hatusemi mwili wa mwigizaji unaitoa tamthilia katika fasihi. Wimbo una maneno na sauti, nao tunaufundisha katika fasihi simulizi kila mwaka. Kwa nini basi maneno yakikaa pamoja na picha yageuke kuwa mchezo? Anayeshikilia hivyo atueleze mpaka uko wapi. Mimi nimeuliza mara nyingi na sijaonyeshwa mpaka huo.

Zaidi ya hayo, katuni ya Kiswahili si mtoto wa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, gazeti la Uhuru la Tanzania lilikuwa tayari na mhusika wake Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, na watu walimfahamu Chakubanga kuliko walivyowafahamu wahusika wengi wa riwaya tunazolazimishwa kukariri. Katika miaka ya 1980 jarida la Sani la Dar es Salaam lilikuwa na Kazibure, kijana wa Philip Ndunguru. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana sana, lakini wachoraji wengi waliokuja baada yake walijifunza kwa kumtazama. Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kama Gado, alitoka Dar es Salaam akaenda Nairobi mwaka 1992, na kwa miaka zaidi ya ishirini mistari yake iliwakosesha wanasiasa usingizi. Mwaka 2010 huko huko Kenya ilianza Shujaaz, katuni ya Kisheng iliyogawiwa bure pamoja na gazeti, juu ya kijana anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Hiyo ni historia ya zaidi ya nusu karne. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kumaliza shahada yake bila kusikia hata jina moja kati ya hayo. Kama huko si kujinyima urithi wetu wenyewe, basi sijui kujinyima ni nini.

Tuje sasa kwenye lugha, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa lugha na hapo ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Katuni ya kusomwa kwenye simu inateremka chini, fremu baada ya fremu, juu ya kioo ambacho upana wake haufiki hata kiganja. Kiputo cha maneno kina nafasi ndogo mno. Nilipojaribu kuandika maneno ya msichana wangu kwa Kifaransa, kama nilivyoshauriwa, sentensi moja ilijaza nusu ya fremu. Kwa Kiswahili anasema "Hatukuambiwa", neno moja, na ndani yake mna watu, mna wakati, mna ukanushi, na mna hata mtu aliyepaswa kuwaambia akanyamaza. Vitenzi vyetu, ambavyo wageni huvilalamikia kuwa virefu, ndivyo vilivyoumbwa kwa ajili ya kiputo.

Halafu kuna tanakali za sauti. Walimu wetu hutupa orodha ya kukariri: kuanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, sakafuni pu. Tunazikariri, tunafanya mtihani, tunazisahau. Katika katuni orodha hiyo ni hazina. Mchoraji wa lugha nyingine hutafuta namna ya kuonyesha kwamba kitu kimeangukia tope na si maji, mimi ninaandika "tapwi" na msomaji wa Buyenzi anasikia tope hilo likimrukia suruali. Tena Kiswahili kina mlio wa ukimya wenyewe: jii. Katika sehemu ya 23 roboti inazimika kwa mara ya kwanza. Nilichora maji tu, hakuna mtu, na katikati herufi tatu ndogo: jii. Hakuna fremu niliyoulizwa habari zake kuliko hiyo.

Lakini zawadi kubwa kuliko zote ni ngeli. Ndugu msomaji, wewe unayesema bunilizi ya kisayansi haituhusu, nijibu swali hili: roboti iko katika ngeli gani? Kitu kisicho na uhai, neno la mkopo, jibu la haraka ni I-ZI: roboti imesimama, roboti imeharibika. Je, roboti ikianza kukataa amri? Ikianza kumngoja mtu? Lugha yetu inajua jambo hili tangu zamani. Tunasema "kifaru amepita" na tunamwona mnyama, tunasema "kifaru kimepita" na tunaona chombo cha vita chenye mzinga. Neno ni lile lile, na kiambishi ndicho kinachotuambia kama tunatazama kiumbe au chuma. Katika hadithi yangu kila mtu huiita roboti kwa ngeli ya vitu kwa sehemu arobaini nzima. Katika sehemu ya 41 msichana anafika, anaikuta imezima taa zake, na anamnong'oneza kaka yake: "Usipige kelele. Amelala."

Herufi moja ilibadilika. Sikuchora machozi, sikuandika hotuba juu ya utu. Wasomaji wangu walibishana kwa wiki mbili. Fundi mmoja wa simu wa Bwiza alinitumia ujumbe wa sauti akisema msichana amekosea, kwa sababu mashine ni mashine. Dada mmoja anayeuza vitenge alimjibu kwamba hata mama yake alimwita cherehani yake "huyu" baada ya kumlisha watoto sita. Hao ni watu ambao hawajawahi kukaa kwenye darasa la sarufi ya Kiswahili, na walikuwa wanajadili upatanisho wa kisarufi na maana ya uhai kwa wakati mmoja. Nitajieni insha ngapi za uhakiki zilizofanya hivyo mwaka huu. Kifaransa kisingenipa fremu ile, kwa sababu kina jike na dume lakini hakina njia hii ya kutenga chenye uhai na kisicho na uhai katika kila kitenzi. Kiswahili kinatulazimisha kuamua, kila tunapofungua kinywa, kama tunachokitaja ni kiumbe au ni kitu. Sioni lugha inayofaa zaidi kuuliza swali ambalo dunia nzima inajiuliza leo kuhusu mashine zake.

Sasa niende kwenye imani ya pili, kwamba tunaiga. Anayesema hivyo nadhani hajasoma vitabu anavyovifundisha. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani. Angani! Wajumbe sita wanatumwa pande sita, na mbili kati ya pande hizo ni mbinguni na ardhini. Tunakifundisha kitabu hicho kama istiari ya utawala wa kikoloni, na ni sawa, lakini tunapita juu ya nchi inayoelea kana kwamba ni pambo tu. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi, riwaya ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anawekwa ndani ya chombo cha angani ili aangamie, naye anafika katika ulimwengu mwingine wenye haki. Jina lenyewe ukilisoma polepole linasema: wale ni sisi. Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya nchi yake katika miaka ya 1980. Hakuwa mtu wa kucheza na vyombo vya angani kwa sababu amekosa kazi. Alivitumia kwa sababu kuna mambo ambayo yanasemeka vizuri zaidi kutoka mbali.

Na kabla ya vitabu kulikuwa na nyota. Wasemaji wa Kiswahili waliita sayari kwa majina kabla ya shule za wakoloni: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Kundi la nyota la Kilimia limepata jina lake katika kulima, kwa kuwa kuonekana kwake kuliwaambia watu majira ya shamba. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo neno la Kiswahili limekwisha kuzunguka dunia huko juu, na ramani ya kwanza ya anga la eksirei ilichorwa kwa chombo chenye jina letu.

Wageni wameliona jambo hili kuliko sisi. Tangu mwaka 1966 filamu za Marekani za Star Trek zina afisa anayeitwa Uhura, jina lililotokana na neno uhuru, na katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 anapopoteza kumbukumbu yake lugha inayomtoka kinywani ni Kiswahili. Mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa filamu fupi kumi za bunilizi ya kisayansi kutoka Afrika, chini ya jina Kizazi Moto. Kazi nzuri kabisa, na ndani yake mna watu wa kwetu: Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Lakini tazama: jina ni la Kiswahili, na mazungumzo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Kiswahili kimepewa kibao cha mlangoni, ndani ya nyumba hakina kiti. Siwalaumu wao. Ninatulaumu sisi, ambao mtu wetu akiketi kuandika mazungumzo yenyewe tunamwambia anapoteza muda.

Wenzangu wa Tanzania na Kenya wakisoma hapa wanaweza kudhani natia chumvi, kwa sababu kwao Kiswahili hakihitaji kujitetea sana. Hapa Burundi mambo ni tofauti. Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala wao, Wabelgiji waliofuata hawakukitaka, na tangu hapo kimebaki na makazi yake: Buyenzi, Bwiza, sokoni, bandarini, kwenye malori. Katika midomo ya watu wengi wa mji huu, kumwita mtu "Mswahili" bado ni kumwambia kwamba ni mjanja mjanja wa mjini asiyeaminika. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, tunakifundisha Kiswahili shuleni, na kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha siku yake pamoja na dunia nzima kwa hotuba. Lakini mgawanyo wa kazi haujabadilika: Kirundi cha nyumbani, Kifaransa cha ofisini na cha sayansi, Kiswahili cha kuulizia bei ya mukeke na ndagala.

Ndiyo maana ninasema madhara ni makubwa zaidi kwetu. Lugha ikiruhusiwa kuuza samaki na ikakatazwa kwenda mwaka 2124, imehukumiwa kubaki sokoni. Mtoto wa Buyenzi anayeipenda fizikia anajifunza mapema kwamba akitaka kufikiri juu ya nyota inabidi avue lugha yake mlangoni kama viatu. Nilipoandika maneno mvutano, obiti, betri ya jua na setilaiti ndani ya viputo, sikuwa nafundisha istilahi. Nilikuwa naziweka kinywani mwa msichana anayetafuta shaba, zikazoeleka. Kamusi zetu za istilahi za sayansi zipo, zimejaa maneno mazuri yanayolala kwa kukosa mtu wa kuyasema. Neno halikui kwa kuorodheshwa. Linakua likisemwa na mtu ambaye msomaji anataka kujua mwisho wake.

Wapo wanaonipinga kwa njia nyingine, na hoja yao ni nzito zaidi. Wanasema: nchi ina foleni za mafuta, umeme unakatika, watu wamehamishwa na mafuriko, nawe unachora roboti? Jibu langu ni kwamba ninachora roboti kwa sababu ya mafuriko. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia bandarini na katika mitaa ya karibu, na Gatumba ililala ndani ya maji, si kwa mara ya kwanza. Ziwa hili lenye kina cha mita 1,470 lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibika na maji yakapanda mpaka yakaufungua kwa nguvu yake yenyewe. Hayo ni mambo ya kweli, na bunilizi ya kisayansi ni sanaa ya kuyachukua mambo ya kweli na kuuliza: ikiendelea hivi, itakuwaje? Wanuri Kahiu wa Kenya alifanya hivyo mwaka 2009 katika filamu yake fupi Pumzi, juu ya dunia isiyo na maji. Yeye aliuliza juu ya kiu, sisi wa Bujumbura tuna haki ya kuuliza juu ya gharika. Taarifa ya habari huniambia maji yamefika wapi leo. Haiwezi kunionyesha watoto wa wajukuu wetu wakipiga kasia juu ya paa la nyumba niliyozaliwa.

Lakini tahadhari: sisemi katuni ifunze. Hapa ndipo ninapotofautiana hata na marafiki wa katuni. Katika eneo letu lote mchoraji hupata fedha kwa njia moja iliyonyooka: achore mafunzo. Osha mikono, pima virusi, piga kura kwa amani. Ni kazi ya heshima na nimeona ikifanywa vizuri. Ubaya ni pale inapokuwa ndiyo pekee. Mwaka wa tatu wa kazi yangu nilifuatwa na watu wa shirika moja. Walipenda michoro na walikuwa tayari kunilipa, kwa sharti kwamba roboti iwafundishe watoto kutumia chandarua. Nilikataa. Si kwamba chandarua ni kibaya, mimi mwenyewe nalala ndani yake. Nilikataa kwa sababu roboti yangu haijui kitu cha kumfundisha mtu, na hadithi nzima imesimama juu ya kutojua kwake. Mfaransa wa rika langu akichora roboti hakuna anayemuuliza inaleta faida gani kwa afya ya jamii. Sisi tu ndio tunaotakiwa kulipia mawazo yetu kwa somo. Huko ni kuonwa watoto, na inauma zaidi pale wanaotuona hivyo wanapokuwa watu wetu.

Wengine wananihurumia na kunishauri: "Chora kwa Kifaransa au Kiingereza, ndipo utasomwa." Wanaweza kunionyesha Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, fundi mkubwa wa katuni wa Kongo, ambaye vitabu vyake vinavyojulikana zaidi vimechapishwa Ulaya kwa Kifaransa. Simpingi, kila mtu na njia yake na zama zake. Lakini tuwatazame pia Wakorea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni za mtandao za Korea Kusini zilianza kuweka katuni za kuteremka kwenye kioo, kwa Kikorea, kwa ajili ya Wakorea, watu wasiozidi milioni hamsini na kidogo. Leo katuni hizo zinatafsiriwa na kugeuzwa filamu duniani kote. Hawakuanza kwa lugha ya wengine. Kwa hesabu ya UNESCO wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200. Anayeniambia soko la Kiswahili ni dogo hana tatizo na hesabu, ana tatizo na moyo.

Nimalizie na neno ridhaa. Kwa Kiswahili anayefanya sanaa bila kulipwa huitwa msanii wa ridhaa, kama tunavyosema soka la ridhaa. Ni neno zuri, kwa maana ridhaa ni kukubali kwa hiari. Lakini hiari ina mwisho wake. Ninawafahamu watu wanne wa mji huu walioanza hadithi ndefu za picha kwa Kiswahili katika miaka hii mitano. Watatu wameacha. Mmoja alipata kazi, mmoja simu yake iliibwa na michoro yote ndani, mmoja alichoka kuulizwa "utaacha lini?" Hakuna aliyeacha kwa kukosa kipaji. Kila mmoja ameondoka na mji mzima, watu wake na lugha yao, na hatutajua waliishia wapi. Vitu vya namna hiyo havihifadhiwi maktabani. Vikifutwa vimefutwa.

Kwa hiyo nina madai matatu, na si makubwa. Kwa walimu wetu: mruhusuni mwanafunzi atafitie katuni ya Kiswahili, kisha mkosoeni vikali kama mnavyomkosoa wa riwaya. Akishindwa ashindwe kwa ubaya wa hoja, si kwa aina ya maandishi aliyoyachagua. Kwa wanafunzi wenzangu: acheni kuhesabu uhakiki wa vitabu vya marehemu kuwa ndiyo kazi pekee ya msomi wa Kiswahili. Tungeni, na mkiogopa kutunga, basi someni wanaotunga wakiwa hai. Kwa wote wenye simu: mnapompelekea rafiki katuni ya mtu, msiikate chini pale penye jina la mchoraji. Jina hilo ndilo mshahara wake wote.

Ndunguru alimwita mhusika wake Kazibure, na Waswahili wakacheka kwa miaka mingi. Waliomfuata kwa kalamu zao hawakuona kwamba kazi yake ilikuwa ya bure. Mimi sehemu ya 59 nimekwisha kuianza. Roboti ameamka, na kuanzia sasa hata watu wazima wa milimani itabidi waamue wamtaje kwa kiambishi gani.